Bikira Maria wa Jasi: Kwa Nini "Nakala" ya Firenze Inaweza Kuwa Kazi Halisi

Mtu akiambiwa kwamba sanamu fulani ni ya jasi, mara nyingi huipuuza hapo hapo. Marumaru ina heshima yake, shaba ina heshima yake, lakini jasi tunaijua kama kitu cha dari. Inachimbwa Makanya wilayani Same, Itigi na Kilwa, na mjini mafundi wanaiita jipsam. Mtu huyohuyo akiingia makumbusho ya London au Berlin, atakuta Bikira Maria wa jasi amewekwa ndani ya kabati la kioo, na kibandiko kinasema ni kazi ya Firenze, Italia, ya karne ya 15. Ukumbi wa pili anaweza kukuta sura ileile, ya jasi vilevile, na kibandiko kinasema ni nakala ya karne ya 19. Sura moja, malighafi moja. Kwa nini huyu ni hazina na yule ni kifaa cha kufundishia?

Watu wengi hujibu haraka kwamba kimoja ni cha asili na kingine ni nakala. Jibu hilo halisimami, kwa sababu vyote viwili vilimiminwa ndani ya kalibu, yaani umbo tupu la kumiminia. Vyote viwili ni nakala. Kinachovitenganisha ni mambo matatu ambayo makala hii inajaribu kuyafumbua: jasi ilimiminwa lini, kalibu ilichukuliwa juu ya nini, na nani alikihitaji kitu hicho. Ukiyajua hayo matatu, sanamu ya jasi inaanza kusema. Usipoyajua, utadharau kazi iliyotoka kwenye karakana ya bwana mkubwa wa Renesansi, kipindi cha kuamka upya kwa sanaa Ulaya, au utalipa fedha nyingi kwa kitu kilichotengenezwa kukudanganya.

Tuanze na aina ya kazi yenyewe. Hapa sizungumzii sanamu ya kuzungukwa, ile unayoweza kuitazama mgongoni. Nazungumzia mchongo unaotokeza kwenye ubao wake bila kuachana nao: una uso, hauna mgongo. Wachongaji wa Firenze wa karne ya 15 waliupenda sana mtindo huu. Lorenzo Ghiberti alitumia miaka 27, kuanzia 1425 hadi 1452, kutengeneza mabamba kumi ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye visa vya Agano la Kale, kwa ajili ya mlango wa nyumba ya ubatizo ya Firenze. Donatello alikwenda upande mwingine kabisa. Badala ya kutokeza sana, alipunguza kina hadi mawingu, miti na majengo ya mbali yakawa mikwaruzo tu juu ya marumaru, mbinu ambayo Waitalia huiita stiacciato. Mchongo wake wa Mtakatifu Joji akipigana na joka, wa miaka ya 1417 hivi, ndio watu wengi huutaja kama mwanzo wa mbinu hiyo.

Umbo la namna hii lina faida moja ambayo sanamu nzima haina. Kalibu hutoka kirahisi pale ambapo hakuna pembe za ndani za kuinasa. Mkono uliopinda mbali na mwili, au pindo la vazi lenye uwazi nyuma yake, huishika kalibu hadi ivunjike au ivunje sanamu. Mchongo bapa hauna shida hiyo sana. Kwa hiyo Bikira Maria na Mtoto Yesu wakichongwa kwenye ubao, tena kwa kina kidogo, wamekwisha kuandaliwa kunakiliwa hata kama mchongaji hakukusudia. Na mara nyingi alikusudia.

Jasi inavyofanya kazi

Jasi ni jiwe laini kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha. Ndani yake mna maji yaliyofungamana na jiwe lenyewe. Likichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, robo tatu ya maji hayo hutoka, na jiwe likisagwa unabaki unga mweupe mkavu. Ukiuchanganya unga huo na maji, unayarudisha yale maji uliyoyapoteza, fuwele nyembamba zinakua na kusukana, na uji unageuka jiwe tena. Dakika chache zinatosha. Ukiweka kiganja juu yake wakati unaganda utasikia joto. Ni kitu kilekile kinachoitwa POP hospitalini, kinachofungwa mguu uliovunjika.

Wakati wa kuganda jasi hutanuka kidogo sana. Hilo ndilo linaloipa sifa yake kubwa. Udongo hunywea ukikauka na kunywea tena ukichomwa, lakini jasi husukuma kuelekea kuta za kalibu na kuingia kila mfuo, hadi alama ya kidole cha mtu aliyefinyanga kielelezo. Tusiifananishe na chokaa. Zidaka za nyumba za kale za Lamu na Pate zilichongwa kwenye lipu ya chokaa, na chokaa hukomaa taratibu kwa kunyonya hewa ya kaboni dayoksidi, jambo linalompa fundi nafasi ya kuchonga ukutani kwa utulivu. Jasi haisubiri mtu. Ndiyo maana fundi wa jasi anaweka akili yake yote kwenye kalibu kabla ya kugusa maji.

Firenze, nyumba kwa nyumba

Mwanzoni mwa karne ya 15, mtawa Mdominika Giovanni Dominici aliwashauri wazazi wa Firenze kuweka nyumbani picha na sanamu za Mtoto Yesu na watakatifu wadogo, ili watoto wakue wakiwatazama. Hakuwa peke yake katika mawazo hayo. Chumba cha kulala cha familia yenye uwezo wa kati kilitarajiwa kuwa na Bikira Maria ukutani, na pembe za mitaa zilikuwa na vibanda vidogo vyenye sanamu ambako wapita njia walisali. Marumaru ilikuwa ghali mno kwa mahitaji hayo yote. Mfanyabiashara wa sufu angeweza kuota kumwajiri Desiderio da Settignano au Antonio Rossellino amchongee jiwe. Wengi wa majirani zake wasingeweza.

Karakana zilijibu kwa kalibu. Bwana alichonga au kufinyanga kielelezo kimoja, kalibu ikachukuliwa juu yake, na kutoka humo zikamiminwa nakala za jasi, au kukandamizwa nakala za udongo wa kuchoma, au za karatasi iliyolowanishwa na gundi. Nakala zilitoka nyeupe na uchi. Kisha zilikwenda kwa mchoraji. Mchoraji Neri di Bicci aliandika daftari la kazi zake kuanzia 1453 hadi 1475, na ndani yake, pamoja na picha kubwa za altareni, mmejaa kazi ndogo ndogo za namna hii: Bikira Maria wa jasi ameletwa dukani apakwe rangi, apewe dhahabu, awekewe fremu. Kwa msomaji wa leo daftari hilo lina thamani kubwa, kwa sababu linatuonyesha mlolongo mzima wa biashara ambao sanamu zenyewe zinauficha. Aliyebuni sura ni mmoja, aliyemimina ni mwingine, aliyepaka rangi ni wa tatu, na seremala wa fremu ni wa nne. Ukiuliza "nani alitengeneza hii?" unauliza swali lenye majibu manne.

Na rangi ilibadilisha kila kitu. Macho yaliyofumbuka kwa mstari wa brashi, shungi la buluu, midomo iliyotiwa wekundu, nyota za dhahabu begani: nakala mbili kutoka kalibu moja zingeweza kutoka mbele za mchoraji zikiwa wanawake wawili tofauti. Mara nyingi chini ya sura iliachwa nafasi ya nembo ya ukoo, ili mnunuzi aifanye yake. Nasikitika kila nikiona jinsi tulivyozoea kuzitazama sanamu hizi zikiwa nyeupe. Mwenye nyumba wa Firenze aliyenunua Bikira Maria wa jasi hakununua kitu cheupe.

Yapo maumbo tunayoyajua kwa njia hii tu. Umbo la Donatello linaloitwa Madonna wa Verona, lililopata jina kwa sababu nakala yake moja ilikuwa kwenye ukuta wa mtaa mjini Verona, limebaki katika nakala za jasi, za udongo na za karatasi. Hapo neno "asili" halina pa kushika. Jasi ndiyo yote tuliyo nayo ya wazo lile.

Kama kuna anayedhani kunakili kulikuwa kazi ya wanagenzi ambayo mabwana waliifumbia macho, na atazame bamba moja la duara la shaba, lenye kipenyo cha sentimita 28 na kitu, lililopo Makumbusho ya Victoria and Albert mjini London tangu 1976. Tarehe 27 Agosti 1456, daktari wa Firenze aitwaye Giovanni Chellini aliandika kwenye kitabu chake cha hesabu kwamba alikuwa amemtibu Donatello, na mchongaji akamzawadia bamba lenye ukubwa wa sahani ya mbao, lenye Bikira Maria na Mtoto na malaika wawili kila upande. Daktari hakuishia hapo. Aliandika pia kwamba upande wa nyuma ulikuwa umechimbwa, ili kioo kilichoyeyushwa kikimiminwa humo kitoe sura zilezile za upande wa mbele. Ukiligeuza bamba, ndivyo lilivyo: mgongo wake ni kalibu, sura zile zile zimezama ndani, shavu la mtoto ni shimo na vidole vya mama ni mifereji. Mchongaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake, akiwa mzee wa miaka 70 hivi, alimpa daktari wake kazi moja yenye uwezo wa kuzaa nyingine. Kwangu mimi hii ndiyo hati yenye nguvu kuliko zote katika mjadala huu. Kuzaliana kulikuwa ndani ya wazo la kazi tangu mwanzo.

Karne ya 19 inataka kitu kingine

Ruka miaka 400. Sasa mhitaji si mama mwenye nyumba anayetaka kusali. Ni shule ya uchoraji, ni makumbusho, ni mji wa viwanda unaotaka wananchi wake waone uzuri bila kupanda meli. Mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Henry Cole wa makumbusho ya South Kensington (ndiyo Victoria and Albert ya leo) aliwashawishi wanawafalme 15 wa Ulaya watie sahihi mkataba wa kubadilishana nakala za kazi za sanaa za nchi zao kwa faida ya makumbusho zote. Mwaka 1873 South Kensington ilifungua kumbi mbili kubwa za nakala, ambazo bado zipo na bado zinashangaza. Mna Daudi wa Michelangelo kwa urefu wake wote, aliyemiminwa na Clemente Papi wa Firenze, mna mimbari ya Giovanni Pisano kutoka kanisa kuu la Pisa, na ukutani michongo ya kidini ya Italia imepangwa safu juu ya safu.

Nyuma ya kumbi hizo kulikuwa na watu ambao historia ya sanaa iliwasahau kwa muda mrefu. Milima ya Lucca, huko Toscana, haikuwa na ardhi ya kutosha kulisha vijana wake, na kwa vizazi vingi walishuka na kutembea Ulaya nzima wakiuza vinyago vya jasi, wamevibeba kwenye mbao kichwani. Waitalia waliwaita figurinai. Kijiji cha Coreglia Antelminelli kina makumbusho yao hadi leo. Domenico Brucciani, aliyezaliwa Barga katika milima hiyohiyo mwaka 1815, alifungua karakana Covent Garden, London, akawa mtengenezaji mkuu wa nakala za South Kensington na British Museum. Kampuni yake iliendelea baada ya kifo chake mwaka 1880, na mwaka 1922 makumbusho ya Victoria and Albert yenyewe iliichukua ikaiendesha hadi 1951. Kule Boston, Pietro Caproni na ndugu yake walifanya vivyo hivyo kwa Marekani. Kupitia katalogi zao watoto wanaoimba wa Luca della Robbia, mchongaji wa Firenze, waliingia kwenye kuta za shule za miji ambayo haikuwahi kuona marumaru ya Italia.

Hao watoto wanastahili neno. Luca aliwachonga kati ya 1431 na 1438 kwa ajili ya roshani ya waimbaji katika kanisa kuu la Firenze: mabamba kumi ya marumaru yanayoifuata Zaburi ya 150, na maneno ya zaburi yamechongwa juu, katikati na chini. Tarumbeta, matari, matoazi. Mwaka 1688, kwa ajili ya arusi ya mwanamfalme Ferdinando de' Medici, roshani ilibomolewa ili kupata nafasi ya waimbaji wengi zaidi. Baadaye makumbusho ya kanisa kuu iliiunganisha upya na kufanya jambo la busara: juu, mahali pa kuimba, ikaweka nakala za jasi, na mabamba ya marumaru ikayashusha chini, usawa wa macho. Unamtazama mtoto anayechungulia kitabu cha wimbo juu ya bega la mwenzake, kisha unainua kichwa na kumwona alivyoonekana kutoka sakafuni mwa kanisa. Jasi inashikilia nafasi ili marumaru isogee kwa mtu.

Kalibu ya vipande

Namna ya kutengeneza nakala hizi haikuwa ya kumwaga tu. Juu ya mchongo wa marumaru fundi alipaka kwanza sabuni na mafuta, ili jasi isishike jiwe. Kisha aliugawa uso kwa macho: shavu hili linatoka upande huu, pua inatoka mbele, mkunjo huu wa vazi unahitaji kipande chake peke yake. Alijenga kipande kimoja kimoja cha jasi, akakata kingo zake, akachimba vitundu vya kufungia, akapaka mafuta, akajenga cha jirani. Vipande vingeweza kufika makumi kwa mchongo mmoja wenye kina. Juu ya vyote alimimina koti moja nene la kuvishikilia. Koti linaondolewa kwanza, kisha vipande kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa mwelekeo wake, halafu vyote vinapangwa upya ndani ya koti, uso ukiangalia ndani.

Sasa ndipo jasi inachanganywa. Unga hunyunyizwa juu ya maji, na si maji juu ya unga, mpaka visiwa vidogo vibaki juu bila kuzama. Fundi huchanganya kwa mkono taratibu, kwa sababu kila pumzi ya hewa itageuka kitundu kwenye uso wa Bikira. Tabaka la kwanza ni jepesi, hupakwa au kurushwa kwa brashi hadi liingie kila kona; la pili ni zito, nalo hutiwa kitambaa cha gunia au nyuzi ili nakala iwe nyembamba bila kuvunjika. Mafundi jipsam wa Dar es Salaam na Nairobi wanaotia nyuzi za katani kwenye urembo wa dari wanatumia kanuni hiyohiyo, na wangeielewa karakana ya Brucciani bila mkalimani.

Mahali vipande vinapokutana, jasi hupenya na kuacha mstari mwembamba uliotokeza. Hiyo ndiyo mishono. Fundi angeweza kuikwangua, lakini karakana nyingi ziliiacha kwa makusudi, kwa kuwa mshono mkali ni ushahidi kwamba kalibu bado ni mpya na hakuna mtu aliyeugusa uso kwa patasi. Mtazamaji asiyejua huona kasoro. Mwanafunzi aliyejua alifurahi. Katikati ya karne ya 19 ilikuja kalibu ya jelatini, inayopinda na kung'oka kwenye pembe za ndani bila kuhitaji vipande vingi. Kazi ikawa rahisi, lakini jelatini huchoka baada ya kumimina mara chache.

Gharama nyingine ilibebwa na zile kazi zilizonakiliwa. Sabuni, mafuta na kung'oa vipande viliondoka na rangi za zamani. Michongo mingi ya Renesansi iliyokuwa na mabaki ya dhahabu na buluu ilizipoteza mabaki hayo chini ya kalibu. Kwa sababu hiyo makumbusho leo hazikubali kalibu iguse mchongo wenye rangi. Hupigwa picha nyingi au kupimwa kwa mwanga, na kompyuta hujenga umbo.

Kutupwa, na kuokolewa

Mwanzoni mwa karne ya 20 upepo uligeuka. Katika makumbusho ya sanaa ya Boston kulizuka ugomvi mkali kati ya waliotaka nakala zibaki na waliotaka kazi za asili pekee, na waliotaka nakala walishindwa. Makumbusho ya Metropolitan ya New York ilizipeleka zake bohari, na mwaka 2006 nyingi zikauzwa kwa mnada. Shule ziliona aibu kuwa na jasi ukutani. Zilipaka rangi ya ukuta juu yake, au ziliivunja. Makumbusho ya Carnegie mjini Pittsburgh ni moja ya chache zilizobakiza ukumbi wao wa 1907 kama ulivyokuwa. Nadhani kizazi kile kilikosea, na sisemi hivyo kwa kuipenda jasi tu.

Sababu iko Berlin. Kiwanda cha nakala cha makumbusho za taifa huko, Gipsformerei, kilianzishwa mwaka 1819 na kinafanya kazi hadi leo, kikiwa na maelfu ya kalibu na vielelezo. Makumbusho inayoitwa sasa Bode ilikuwa na mkusanyiko mkubwa wa michongo ya Italia nje ya Italia, mingi ikiwa imenunuliwa na Wilhelm von Bode, mtu aliyezithamini Bikira Maria za jasi za karne ya 15 wakati wengine walizipita bila kuzitazama. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kazi nyingi zilihamishiwa kwenye ngome ya kupambana na ndege katika mtaa wa Friedrichshain. Mei 1945, vita vikiwa vimekwisha au vinaishia, ngome ile ilishika moto mara mbili. Mamia ya picha na sanamu ziliungua, kuvunjika au kutoweka. Baadhi zilichukuliwa na Wasovieti. Mwaka 2015 makumbusho ya Bode ilifanya maonyesho juu ya hasara hiyo, na mahali pa sanamu zilizotoweka palisimama nakala za jasi zilizotoka kwenye kalibu za Gipsformerei. Kalibu zilichukuliwa wakati sanamu zikiwa nzima, na hakuna picha ya kamera inayoweza kukueleza kina cha mchongo kama zinavyoeleza.

Hata kazi iliyosalimika hubadilika. Mafuriko ya Novemba 1966 mjini Firenze yaling'oa baadhi ya mabamba ya mlango wa Ghiberti na kuyazamisha kwenye tope. Usafishaji ulichukua miongo. Mlango wa asili umo ndani ya makumbusho tangu 2012, na nakala yake ndiyo inayopigwa jua uwanjani. Nakala iliyochukuliwa kabla ya ajali au kabla ya moshi wa magari kula marumaru inaweza kuwa na ukingo mkali wa jicho au ukucha ambao wa asili hauna tena. Katika hali hiyo mtafiti huisoma jasi ili kulielewa jiwe.

Kutambua iliyoko mbele yako

Turudi kwa mtu wetu aliyesimama mbele ya Bikira Maria wawili. Wataalamu huanza nyuma, siyo mbele. Mgongo wa kazi ya karne ya 15 mara nyingi ni mzito, umesawazishwa ovyo, una mabaki ya mbao au waya wa kuning'inizia. Mgongo wa karne ya 19 huwa mwembamba, unaonyesha kitambaa cha gunia, na mara nyingine una muhuri wa karakana au namba ya katalogi.

Kisha vipimo. Nakala ya jasi ni karibu sawa kabisa na kilichonakiliwa, lakini udongo wa kuchoma hunywea, hata asilimia kadhaa. Ukikuta umbo moja katika ukubwa mbili tofauti kidogo, ile ndogo huenda ilipitia udongo, au kalibu yake ilichukuliwa juu ya udongo. Kwa kupima umbali kutoka kidevu hadi kidole gumba kwenye nakala zote za umbo moja, watafiti wameweza kuzipanga kama ukoo: nani mama, nani mjukuu.

Halafu rangi. Tabaka huchunguzwa kutoka la chini. Likikutwa buluu ya Prussia, rangi iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, basi mkono ulioipaka haukuwa wa karakana ya Neri di Bicci. Lakini hadhari hapa: waumini walizipaka upya sanamu zao kila zilipochakaa, na rangi mpya juu ya jasi ya zamani ni jambo la kawaida. Ni tabaka linalogusa jasi lenyewe ndilo lenye neno. Udongo wa kuchoma unaweza kupimwa maabara kujua ulichomwa lini. Jasi haina kipimo cha namna hiyo, kwa hiyo ushahidi hukusanywa kipande kwa kipande.

Uangalifu wote huu una sababu. Katika miaka ya 1860 mchongaji wa Firenze Giovanni Bastianini alitengeneza sanamu za mtindo wa karne ya 15 kwa ustadi kiasi kwamba makumbusho ya Louvre mjini Paris ilinunua moja mwaka 1866 ikiamini ni ya Renesansi. Alifariki mwaka 1868, wakati ukweli ukiwa umeanza kujulikana na wengine bado wanaubisha. Mchongo wa Bastianini si nakala ya kitu chochote. Umbo lake ni jipya, na ulipouzwa kama kazi ya karne ya 15 ndipo uongo ulipoanza. Jasi ya Brucciani ni nakala ya kila mkwaruzo na haimdanganyi mtu. Tofauti hiyo inapotea kabisa tukitumia neno moja la dharau, "feki", kwa vyote viwili.

Kwetu Afrika Mashariki jasi ya kidini imo makanisani kwa namna nyingine. Vituo 14 vya Njia ya Msalaba vilivyotokeza ukutani, vyenye rangi, katika makanisa mengi ya misheni vililetwa kutoka karakana za Ulaya za karne ya 19 na ya 20. Si Renesansi, ila ni watoto wa mbinu ileile na wa mahitaji yaleyale ya mama wa Firenze. Parokia zenye vituo hivyo zisivioshe kwa maji, kwa sababu jasi huyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji na unyevu huivimbisha misumari na waya ulio ndani. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu. Na kabla ya fundi kuitwa na ndoo ya rangi ya mafuta kwa ajili ya jubilei, mtu avigeuze vituo na kutazama migongoni mwake, maana muhuri wa karakana ukiwepo, ndipo ulipo.